TAHADHARI KISUMU: Unauziwa "seva ya Xeon", ndani ni kompyuta ya kawaida

Watu wangu wa Kisumu, nanyi wa Siaya na Kakamega mnaokuja mjini kutafuta mashine za ex-UK, someni hili kabla hamjatuma pesa.

Mwezi jana nilitafuta seva ya duka letu la jumla la mbegu na dawa za mifugo. Inabeba hesabu za stoo na madeni ya wakulima, haizimwi usiku wala mchana. Muuzaji mmoja akaniambia anayo weksteshoni, yaani kompyuta ya kazi nzito: prosesa ya Xeon (ile ya Intel ya seva), RAM ya ECC (inayosahihisha makosa yake yenyewe), 16GB, shilingi 48,000. Kasha lina stika ya Xeon. Akaiwasha, nikaona 16GB imo kweli, nikalipa kwa M-Pesa.

Wiki ya tatu madeni yakaanza kuvurugika. Mama mmoja aliyemaliza kulipa zamani akaonekana anadaiwa, akasimama pale kaunta na risiti zake mkononi. Niliona aibu sana. Usiku huo nikaipima RAM kwa MemTest86, programu ya kukagua RAM, makosa yakajaa skrini, mekundu tupu. Nikafungua kasha. Prosesa ni Core i5-4570, ya mwaka 2013, ambayo haikubali ECC kabisa. Nikachomoa kijiti cha RAM nikahesabu chipu kwa kidole: nane.

RAM ya ECC ya DDR3 au DDR4 kwa kawaida huwa na chipu tisa pale ambapo nyingine ina nane. Ile ya tisa hubeba biti (zile 0 na 1 za data) za ukaguzi. Biti moja ikigeuka, inasahihishwa papo hapo. Zikigeuka mbili, mashine inagundua. Isiyo na ECC inanyamaza tu, na kosa linaingia kwenye hesabu zako.

Sisemi kompyuta ya kawaida ni mbaya. i5 hiyo ingefaa saiba au kuchapia barua, kwa bei yake. Ubaya ni kulipishwa kinga ambayo haimo.

Kabla ya kulipa, mwambie afungue kasha ukiona. Kwenye Windows 10, fungua Command Prompt uandike: wmic memphysical get memoryerrorcorrection. Ikijibu 3, hakuna ECC. 5 au 6, ipo. Weksteshoni halisi ya Dell Precision au HP Z ina namba yake ya utambulisho kwenye kasha. Hakikisha inalingana na ile ya BIOS, skrini ya mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Akikataa kufungua eti waranti itaharibika, ondoka.

Nilipodai pesa zangu akasema mali ikitoka dukani hairudi. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kuuza kwa maelezo ya uongo, kwa hivyo nimeripoti polisi na namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) ninayo. Kama nawe alikuuzia, usifute ujumbe wa M-Pesa na usibandue stika. Leo asubuhi ameweka tangazo jingine: kasha jeusi lile lile, stika ile ile, 52,000.