Uzoefu wangu na kozi ya usanifu wa mifumo ya AWS: video wastani, maswali ya mazoezi moto

Wadau, wengi mnaniuliza inboksi kama hii kozi ya kujiandaa na cheti cha AWS Solutions Architect Associate (AWS ni huduma ya Amazon ya kukodisha seva mtandaoni) inafaa ama ni kutupa pesa, basi naandika hapa mara moja kila mtu ajipimie. Jina la kozi silitaji, ni moja ya zile za mtandaoni unalipia kwa dola, ina video, lebu (mazoezi ya vitendo) na seti za maswali ya mazoezi. Mimi niko Kampala, natengeneza mifumo ya sacco na shule, karibu yote inategemea mobile money, na nilitaka kujua kupanga mfumo mzima kuanzia juu hadi chini, sio kuandika programu tu na kuomba Mungu isianguke. Mtihani nimeufanya na nimepita.

Nianze na video kwa sababu ndio zinazoniudhi. Mwalimu anajua kazi yake, hilo simnyimi, lakini anakupitisha huduma moja baada ya nyingine, leo S3 ya kuhifadhi mafaili, kesho RDS ya databesi, keshokutwa Lambda ya kuendesha programu bila kushika seva, ni kama kupelekwa soko la Kikuubo ukaonyeshwa kila duka bila kuulizwa umekuja kununua nini. Unafika katikati daftari limejaa na bado mtu akikwambia nipangie mfumo wa kulipia karo unabaki kumtazama tu. Halafu bando la huku mnalijua, tangu Julai 2021 kuna ile kodi ya asilimia 12 juu ya intaneti, sasa kuangalia mtu anabofya skrini saa nzima huku data inakatika inauma jamani.

Maswali ya mazoezi ndio kitu chenyewe. Kila swali linakupa kampuni yenye shida yake, halafu majibu manne ambayo mara nyingi mawili ama matatu yanaweza kufanya kazi kabisa, kinachoamua ni lile sharti la mwisho, wanataka gharama nafuu zaidi ama wanataka kazi ndogo zaidi ya kuendesha ama wanataka data isipotee hata kidogo. Ukisharuka hilo sharti umeisha. Na chini ya kila swali kuna maelezo kwa nini kila jibu lisilo sahihi halifai, hapo ndipo nilipojifunza usanifu wenyewe.

Nitoe mfano mmoja. Kulikuwa na swali la duka la mtandaoni, oda zinaingia kwa wingi ghafla, seva inazidiwa, oda zinapotea. Jibu lilikuwa kuweka foleni ya SQS katikati, huduma ya AWS inayopokea ujumbe na kuushika mpaka seva iuchukue. Sasa ondoa duka weka shule yetu wiki ya kwanza ya muhula, wazazi wote wanalipa karo kwa simu, kampuni ya simu inatuma taarifa ya malipo kwenye mfumo wako na dakika hiyo seva imelala, mzazi ana meseji yake mkononi, mhasibu wa shule haoni kitu, mtoto anarudishwa nyumbani. Ukiweka foleni taarifa inapokelewa inakaa humo, seva inazichukua moja moja kwa kasi yake, na ujumbe unakaa siku 4 usipogusa mipangilio, unaweza kuongeza mpaka 14, kwa hiyo hata kama inayosoma foleni ni seva ya ofisini Ntinda na stima imekatika wikendi nzima malipo yako salama.

Lakini maelezo hayakuishia hapo, na hii kwenye video sikuisikia kabisa. Foleni ya kawaida ya SQS inakuahidi ujumbe utafika angalau mara moja, maana yake unaweza kufika mara mbili. Pia seva ikishachukua ujumbe unafichwa sekunde 30 tu ukiacha ilivyo, kama databesi inajivuta na kazi haijaisha ule ujumbe unatokea tena, seva nyingine inauchukua, mtoto wa watu anaonekana amelipa karo mara mbili. Utasema basi tumia foleni ya FIFO, aina nyingine ya SQS inayozuia marudio, sawa, lakini yenyewe inakumbuka marudio kwa dakika 5 tu, kampuni ya simu ikituma tena taarifa ileile baada ya saa moja FIFO inaipokea kama mpya. Kwa hiyo unaongeza muda wa kuficha ujumbe NA unaweka namba ya muamala kwenye databesi iwe haiwezi kuingia mara mbili. Hiyo peke yake kwangu ilirudisha pesa ya kozi.

Lebu ni sawa ila kuna jambo sikulipenda, wanakuambia utengeneze NAT Gateway, lango la kutolea seva zako za ndani kwenda intaneti, halafu somo linaisha bila neno la kukukumbusha uifute. Hiyo kitu kwenye rijeni ya Virginia, yaani eneo la seva za AWS kule Marekani, inakula senti 4.5 za dola kila saa hata kama hakuna kinachopita ndani, kwa mwezi ni zaidi ya dola 32, huku kwetu hiyo ni laki na ushee. Akaunti mpya tangu Julai 2025 zinapata kredi hadi dola 200 kwa hiyo maumivu yamepungua, bado weka alamu ya bili kabla hujagusa kitu chochote.

Na mifano yote ni Virginia, Virginia, Virginia. Hakuna anayekuambia rijeni ya Cape Town ipo tangu Aprili 2020, ina zoni tatu (vituo vya seva vilivyotenganishwa), lazima uiwashe mwenyewe kwenye akaunti na bei zake ziko juu. Wala hutasikia kwamba sheria yetu ya ulinzi wa data ya 2019 inataka data binafsi ikihifadhiwa nje ya Uganda basi nchi hiyo iwe na ulinzi wa kutosha ama mwenye data akubali. Mtihani hauulizi hayo, mteja wako wa sacco atauliza.

Mtihani wenyewe, SAA-C03 ndio namba yake, ni dola 150, yaani zaidi ya laki tano zetu, maswali 65 kwa dakika 130, unapita kwa 720 juu ya 1000, na 15 kati ya hayo maswali hayahesabiwi ila huwezi kujua ni yapi. Usiache swali wazi, kukisia hakukatwi alama. Usalama ndio umebeba sehemu kubwa, asilimia 30. Kama Kiingereza sio lugha yako ya kwanza omba zile dakika 30 za nyongeza, lakini ziombe KABLA ya kubuku, wengi hawajui. Unaweza kufanyia nyumbani ukiangaliwa kwa kamera, mimi nilienda kituoni mjini kwa sababu stima na intaneti ya mtaani kwetu siziamini kwa laki tano.

Video naipa nyota mbili na nusu, maswali nyota tano. Kama tayari unashika seva kazini nunua seti za maswali peke yake, huduma ambayo huijui soma nyaraka za AWS, ni bure na hazili bando. Kama hata subnet hujui ni nini, soma netiweki kwanza, hii kozi itakuzungusha. Na usilipe bei kamili, hizo kozi hazikai muda mrefu bila ofa.