Wiski ya Ireland ya bei nafuu kwa joto la Kisumu: ipi ya kuweka nyumbani?

Jioni ya Kisumu haina huruma na barafu. Ukikaa Dunga ukisubiri ngege wako akaangwe, vipande ulivyotia kwenye glasi vinakuwa maji kabla ugali haujasongwa. Kwa hiyo wiski ya kila siku mimi siipimi kwa funda la kwanza. Naipima baada ya kama dakika kumi na tano, barafu ikishayeyuka: ladha ingalipo, au nimebaki na maji yanayonuka spiriti? (Na nikisema ya kila siku, ni toti moja baada ya kazi, si mzinga.)

Huku kwetu kila mtu anajua chang'aa inavyopikwa: kilichochacha kinachemshwa, mvuke unapozwa na kukusanywa. Wiski nayo hupikwa vivyo hivyo, kisha sheria ya Ireland inailazimisha ilale kwenye pipa la mbao miaka isiyopungua 3, na iuzwe ikiwa na kilevi cha asilimia 40 au zaidi. Za bei nafuu nyingi ni mchanganyiko. Sehemu moja ni wiski nyepesi ya nafaka, inayotoka kwenye mtambo mrefu wa mnara, ile inayoshusha bei. Sehemu nyingine ni nzito zaidi, ya shayiri, iliyopikwa kwenye chungu cha shaba. Hiyo nzito ndiyo inayostahimili barafu.

Ya kwanza kwangu ni Tullamore D.E.W. Herufi hizo tatu ni za Daniel E. Williams, aliyeingia kiwandani akiwa kijana mdogo akaishia kuwa mwenye kiwanda. Ndani yake mna aina tatu: ya nafaka, ya kimea (shayiri iliyooteshwa kwanza), na ya chungu iliyochanganya shayiri yenye kimea na isiyo na kimea. Naona ina utamu wa asali na kaukali kadogo ka viungo, na maji hayaimalizi upesi. Inafaa kunywewa kavu au na barafu, bila soda.

Jameson naiweka ya pili, na najua kuna watakaonuna. Hupikwa mara tatu kule Midleton, Cork, ni laini, na hata duka dogo la waini kule Kondele huenda ukaikuta. Lakini ulaini huohuo ndio unaoiangusha kwenye barafu, inakwisha mapema. Itie Stoney Tangawizi na ndimu, hapo haina mpinzani. Kama nyumbani kwako wiski hainywewi bila soda, ipandishe iwe ya kwanza na usinisikilize. Ule mwaka wa 1780 kwenye lebo ni wa kuanzishwa kwa kampuni, haimaanishi kinywaji kimelala tangu enzi za mababu.

Bushmills Original, kutoka Ireland ya Kaskazini, ni ya kimea na nafaka tu. Ina harufu ya matunda, nyepesi, nzuri kabla ya chakula. Mbele ya mbuta wa kukaanga wenye pilipili inapotea. Ukipata nyongeza kidogo mfukoni, ndugu yake Black Bush, yenye kimea kingi na iliyolala pia kwenye mapipa yaliyowahi kuwekwa sheri (aina ya mvinyo), inashinda zote hizi. Ila hiyo ni ya wageni.

Kilbeggan ukiikuta kwa bei ya chini ya hizo, ichukue. Hupikwa mara mbili badala ya tatu, kwa hiyo ina ukali kidogo zaidi, na mimi sioni ubaya.

Rangi isikudanganye: sheria inaruhusu kutia karameli, kwa hiyo weusi si ukongwe.

Kuhusu bei, usilinganishe chupa, linganisha mililita. Mzinga wa 750 unatoa toti 25 za mililita 30. Nusu mbili za 350 ni mililita 700, umeshapoteza karibu toti mbili, na mara nyingi umelipa zaidi.

Halafu kuna feki. Niliwahi kununua chupa kwa bei tamu mno, na shemeji alipoionja akauliza, "Omera, hii mmeosha glasi nayo?" Mtu alikuwa ameokota chupa tupu akaijaza upya. Tangu siku hiyo sinunui kabla ya kugeuza kifuniko kuona kama mhuri umeguswa, na kusoma stempu ya KRA, mamlaka ya kodi, kwa programu ya simu ya Soma Label hapohapo kaunta. Muuzaji akikasirika, hiyo chupa mwachie. Na ukimaliza yako nyumbani, kwaruza lebo kabla hujaitupa, isije ikakurudia imejaa.