Ladybug na Honeybee kazini Lubumbashi: mwanga nauamini, upepo naulinganisha tu

Kwa siku 90 ambazo Rhino, programu ya kuchora majengo kwa kompyuta, hutolewa kwa majaribio bila malipo, nimechora na kuchora upya darasa moja la shule ya msingi pembeni mwa Lubumbashi, nikitumia Grasshopper, chombo cha kuchora kwa vigezo kilichomo ndani yake, pamoja na Ladybug na Honeybee, viongezo vya kupima jua, mwanga, joto na hewa ya jengo. Hizi mbili za mwisho ni za bure. Honeybee hukabidhi hesabu za mwanga kwa programu ya Radiance na zile za joto na hewa kwa programu ya EnergyPlus.

Jengo hapa huchorwa kwa vigezo: upana wa dirisha, urefu wa upenu, pembe ya jengo kuelekea kaskazini. Ukisogeza kitelezi kimoja, kuta, mabati na kivuli hujirekebisha papo hapo. Mji wetu upo karibu nyuzi 11.7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo adhuhuri ya Juni jua hukaa upande wa kaskazini, kwenye kimo cha takriban nyuzi 55. Nilipoufikisha upenu mita 1.05, kivuli kilifunika dirisha lote la kaskazini lenye kimo cha mita 1.5. Ningeliacha hivyo, lakini Juni ni katikati ya kipwa, majira yasiyo na mvua, na asubuhi watoto huingia darasani wamejikunyata ndani ya sweta. Oktoba, mwezi wa joto hasa, jua la adhuhuri huwa karibu utosini na upenu mfupi unatosha. Nikaurudisha hadi sentimita 60, muda uliobaki nikaumalizia kwenye madirisha ya magharibi, ambako ndiko taabu iliko.

Ramani ya mwanga ni nzuri, mradi umebadilisha yale ambayo programu huyakisia yenyewe. Dari huhesabiwa kwamba inarudisha asilimia 80 ya mwanga, kama dari nyeupe, ilhali darasa langu halina dari, lina mabati matupu. Nilipoweka thamani ya chini, madawati ya nyuma yaliingia gizani. Faili la hali ya hewa nalo lina saa 8,760 za mwaka mzima, ila vumbi la Septemba linaloganda kwenye vioo halimo.

Kwenye upepo ndiko ninakoshauri tahadhari. Usipoiambia chochote, Honeybee huchukulia kwamba nusu ya eneo la dirisha ndiyo inayofunguka, na kwamba mgawo wa kupitisha hewa ni 0.45, yaani dirisha lenye wavu wa wadudu. Bila wavu ni 0.65. Kwetu wavu si pambo, malaria ipo, kwa hiyo nambari ya kwanza ilinifaa. Nusu ya eneo haikunifaa, kwa sababu madirisha ya vioo vya kukunja hufunguka karibu yote. Aliyekubali bila kutazama atalaumu dirisha lisilo na kosa.

Hata ukirekebisha, EnergyPlus hukupa hewa ya chumba kizima kwa wastani. Kama inamfikia mtoto wa kona ya nyuma, haisemi. Ili kulijua hilo kuna Butterfly, kiongezo kingine, kinachoendesha OpenFOAM, programu ya kuhesabu mwendo wa hewa mahali kwa mahali. Nilijaribu mara moja kwenye kompyuta yangu ya mkononi, hesabu ikaendelea usiku kucha, na kabla ya alfajiri umeme ukakatika huku betri ikiwa tayari imechoka. Tangu hapo nalinganisha michoro miwili kwa EnergyPlus, nachagua inayopitisha hewa zaidi, na nambari yenyewe simwonyeshi mwenye shule.