Kanisa la Ganghwa, Korea Kusini: ukumbi wa Kikorea uliogeuzwa upande

Mgeni aliyepo Seoul na anayetaka kuona fundisho la kanisa lilivyopata mwili wa Kikorea asiishie kwenye makanisa makubwa ya mjini. Aende Ganghwa, kwenye kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Petro na Paulo lililowekwa wakfu mwaka 1900. Kwa jengo lenyewe tunalipatia nyota tano bila kusita. Kwa maandishi yaliyomo, nyota tatu, na sababu zake tutazieleza.

Ganghwa ni kisiwa kilicho magharibi ya Seoul, kimeunganishwa na bara kwa madaraja, kwa hiyo hakuna haja ya kivuko. Unapanda basi hadi stendi ya mji wa Ganghwa, halafu unaingia mjini na kuuliza Yongheunggung, nyumba alikoishi Cheoljong kabla hajawa mfalme. Kanisa liko juu yake kilimani. Mpango wote wa eneo umefuata umbo la merikebu: mageti mawili na kengele upande wa magharibi ndiyo omo, kanisa katikati ndilo tumbo la chombo, na nyumba ya padri ndiyo tezi. Ni safina ya Nuhu, mfano wa kale wa kanisa kama chombo cha wokovu. Wageni wengi hupiga picha geti la nje, wakadhani wamemaliza. Piteni geti la kwanza, piteni na la pili lenye kengele, ndipo mtaliona kanisa.

Kazi ya ujenzi ilisimamiwa na padri Mark Trollope, wakati Charles John Corfe akiwa askofu wa kwanza wa Kianglikana nchini humo. Misonobari ililetwa kutoka mlima Baekdu, kaskazini kabisa, na fundi mkuu alikuwa amewahi kufanya kazi kwenye kasri la mfalme. Wakorea hupima nyumba kwa kan, yaani nafasi kati ya nguzo na nguzo. Hapa urefu ni kan 10 na upana kan 4. Kwa nje paa la vigae lina tabaka mbili, na mtu huingia akitafuta ngazi ya kupanda ghorofani. Hakuna ghorofa. Tabaka la juu ni madirisha tu, yanayomwaga mwanga katikati ya ukumbi, na safu mbili za nguzo ndefu zinatenga sehemu ya kati na vijia vya pembeni. Huo ni mpango wa basilika ya Kirumi, ila kila kiungo chake kimechongwa na seremala wa Kikorea.

Jambo la kuangalia kuliko yote ni mlango. Katika kumbi za Kikorea, za hekaluni na za kasri, mlango huwa kwenye upande mrefu. Hekaluni sanamu ya Buddha hukaa kwenye ukuta mrefu wa nyuma unaokabili mlango, kwa hiyo anayeingia humkuta mbele yake palepale, na umati ukizidi hubaki uani. Kwa kanisa mpango huo haufai. Kanisa ni watu waliokusanyika, na ibada yake ya Meza ya Bwana huwataka wote wawe ndani, chini ya paa moja, wakielekea mahali pamoja. Kwa hiyo mlango umehamishiwa upande mfupi, magharibi, na altare ikawekwa mbali kabisa mashariki. Nyumba ni ileile na vigae ni vilevile, lakini anayeingia sasa ana safari ya kwenda. Hatujui mfano mwingine nchini humo unaoonyesha kwa uwazi huu lipi katika fundisho linaweza kuvaa nguo ya mahali na lipi halibadiliki.

Simameni nje mbele ya mlango mhesabu nguzo: kan nne, nguzo tano, na kila nguzo ina ubao wenye mstari wa herufi za Kichina, kama ilivyo desturi ya nyumba za wasomi na mahekalu. Mmoja unamtaja Mungu asiye na mwanzo wala mwisho, mwingine Utatu kuwa asili ya vitu vyote, mwingine Injili inayowafungulia watu njia ya uzima wa milele. Ndani mna kisima cha ubatizo cha jiwe la matale kilichochongwa maneno ya kujirekebisha nafsi, kuosha moyo, kuacha uovu na kutenda mema. Hayo ni maneno ambayo mwanafunzi yeyote wa Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, angeyakubali, na yamewekwa juu ya maji ya kuzaliwa upya.

Hapo ndipo tunapopunguza nyota. Mistari miwili kati ya ile mitano si ya Ganghwa. Ni ya mfalme Kangxi wa China, aliyoliandikia kanisa la Kikatoliki la Beijing mwaka 1711. Ni mistari mizuri, lakini ni maneno ya kasri yaliyobandikwa kwenye kanisa la wavuvi na wakulima wa kisiwani. Wengi wao, wanawake hasa, hawakuweza kuzisoma herufi hizo. Fundisho liliingia Korea kwa mlango wa wasomi, na jengo hili linalionyesha hilo pia.

Uani palipandwa mti wa bodhi, unaohusishwa na Ubudha, na mti wa hoehwa wa wasomi wa Kikonfusio. Wa pili uliangushwa na tufani mwaka 2012, msiutafute. Kengele ya sasa imetengenezwa kwa umbo la kengele ya hekalu, ikiwa na msalaba. Ile ya awali kutoka Uingereza ilichukuliwa na Wajapani, waliokuwa wakiitawala Korea, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ili madini yake yatumike.

Ajabu ni kwamba Trollope huyuhuyu, alipokuwa askofu, alijenga kanisa kuu la Seoul kwa mtindo wa Kiromani wa Ulaya, likafunguliwa mwaka 1926. Liko karibu na ukumbi wa jiji. Litazameni kabla ya kwenda Ganghwa, mtaona kwamba njia ya mwaka 1900 haikuendelezwa hata na mwenyewe.

Aliye na siku ya pili aende Gimje, mkoa wa Jeonbuk (zamani Jeolla Kaskazini), kwenye kanisa la Kipresbiteri la Geumsan la mwaka 1908. Ni dogo, la mbao, na limekunjika kama kiwiko: mkono mmoja wa wanaume, mwingine wa wanawake, mimbari ikiwa kwenye kona ili mhubiri awaone wote huku wao hawaonani. Juu, kwenye mwamba wa paa, upande wa wanaume umeandikwa kwa herufi za Kichina na upande wa wanawake kwa Hangul, alfabeti ya Kikorea. Humo ndimo washarika walimchagua Yi Ja-ik, mtunza farasi, kuwa mzee wa kanisa kabla ya bwana wake Jo Deok-sam. Jo alikubali, kisha akamsomesha, na Yi akaja kuwa mwenyekiti wa Mkutano Mkuu wa Wapresbiteri mara tatu. Utengano wa jinsia ulibaki ukutani, wa tabaka ukavunjwa kwa kura. Tunawasihi watembezaji wageni wasiishie kwenye kisa cha mtumishi na bwana, kwa sababu bila kusimama pale kwenye kona ya mimbari mgeni haelewi.

Vueni viatu kabla ya kukanyaga sakafu ya mbao, na vaeni soksi nzito majira ya baridi. Haya ni makanisa yenye waumini wake, kwa hiyo wakati wa ibada kamera ibaki mfukoni. Kama siku ni moja tu, msijaribu kuunganisha Ganghwa na Gimje, ni mbali mno. Unganisheni Ganghwa na kanisa la Onsuri la mwaka 1906, kisiwani humohumo: ni la tabaka moja, halina madoido, na kengele yake inaning'inia kwenye geti lililoinuliwa katikati.