Miezi mitatu na trei ya donati na kopo la protini: uzoefu wangu

Nianze na lililonikera, maana ndilo lililonifanya nikae niandike. Kopo la unga wa protini nililonunua lina picha ya donati ubavuni, nono, yenye rangi ya dhahabu, na chini yake mapishi ya mistari minne: unga wa kopo, mayai, maji kidogo, bekingi pauda, tia kwenye oveni. Ngano hakuna, mafuta hakuna, sukari hakuna. Nikafuata kama yalivyoandikwa. Nilichokitoa kwenye oveni kilikuwa na umbo la donati, hilo silikani. Lakini ukikibonyeza kinarudi kama ndara, ukikitafuna kinalia kati ya meno, ukikimeza unatafuta maji. Mwenzangu alikula nusu, akairudisha sahanini polepole, akauliza kama kuna mkate.

Hiyo ni miezi mitatu iliyopita. Tangu hapo nimeoka mara 15 hivi, na sasa donati zangu zinaliwa zikaisha bila mtu kubembelezwa. Ninavyovipa tathmini hapa ni vitu viwili: trei ya silikoni yenye matundu 6, na hilo kopo la protini ya wei yenye ladha ya vanila. Wei ni ile protini iliyomo kwenye maji yanayobaki maziwa yakigandishwa kutengeneza jibini. Maji hayo huchujwa na kukaushwa, ukapatikana unga laini unaoruka puani ukifungua kopo kwa pupa.

Kwanza, kwa nini ile ya mwanzo ikawa mpira? Nilidhani nimekosea vipimo. Sikukosea. Wei ikishapita joto la nyuzi 70 na kitu inaanza kuganda, kama ute wa yai unavyoganda kikaangoni, na kadiri inavyozidi kupikwa ndivyo inavyojikaza na kukamua maji yaliyomo. Kwenye donati ya kawaida wanga wa ngano unayafyonza maji yale, na gluteni, ile protini ya ngano inayovutika, inashika hewa inayotolewa na bekingi pauda. Ukiiondoa ngano yote, kazi hizo mbili hazina mwenyewe. Aliyeandika mapishi ya kopo lile alitaka kuuza unga mwingi, basi.

Nikaanza kupunguza. Nusu kwa nusu ilikuwa bora kidogo, ila bado kavu. Nilipofika theluthi moja ya unga wa protini kwa theluthi mbili za ngano, hapo ndipo mambo yalipokaa sawa, na sijahama tena. Kwa donati 6 natumia unga wa ngano gramu 80, wa protini gramu 40, kijiko kimoja cha chai cha bekingi pauda kilichojaa, chumvi kidogo, mdalasini nikijisikia. Upande wa majimaji ni yai moja, mtindi mzito uliochujwa gramu 120, sukari gramu 40, mafuta ya kula kijiko kimoja kikubwa, na maziwa vijiko viwili. Mtindi ndio uliookoa kazi. Una protini yake, unashika unyevu, na ukali wake unakata ule utamu wa vanila bandia ambao kila kopo la aina hii linao.

Upimaji ufanye kwa mizani. Kijiko cha plastiki kinachokuja ndani ya kopo hakiaminiki: ukikichota kwa kushindilia unapata uzito mwingine kabisa kuliko ukikichota kwa kumwaga, na kwenye donati 6 tofauti ya gramu 10 inaonekana.

Sasa hesabu, kwa sababu neno protini ndilo linalotuuzia haya makopo. Kopo langu linasema gramu 30 za unga zina protini gramu 24, kwa hiyo gramu 40 ninazoweka zina 32. Ngano inaleta 8 hivi, yai 6, mtindi 11, maziwa moja. Jumla 58, gawa kwa 6, kila donati inapata karibu gramu 10. Si haba. Lakini nilipopiga hesabu ya pili nilicheka peke yangu jikoni: nikiondoa unga wa kopo wote na kuweka ngano mahali pake, kila donati inabaki na gramu 5. Yaani kopo lote lile, kwa bei yake, linaniongezea gramu 5 kwa donati, pungufu ya yai moja la kuchemsha. Mtu anayetaka protini tu, achemshe mayai.

Faida kubwa kwangu imekuwa kwenye mafuta. Donati ya kukaanga inaelea kwenye mafuta ya nyuzi 180 hivi na kutoka imeyafyonza, na gramu moja ya mafuta ina kalori 9 wakati gramu ya protini au ya wanga ina 4. Ya kwangu inapata mafuta ya kile kijiko kimoja kilichogawanywa mara sita, pamoja na yaliyomo kwenye yai na mtindi. Nimeijumlisha ikafika kalori 150 hivi bila ya kupaka kitu juu. Hapo ndipo afya ilipo, na haihitaji kopo.

Kwa nini basi bado naweka huo unga? Kwa sababu nikila moja asubuhi inanishikilia hadi karibu mchana, na zile za ngano tupu hazinishikilii hivyo. Tumbo ni langu, la mwenzako huenda likasema vingine.

Trei sasa. Nzuri zake: hainati, donati zinachomoka ukibonyeza kwa chini, na inaoshwa dakika moja. Mbaya zake ni tatu. Inalegea, kwa hiyo ukiinyanyua imejaa inajikunja na mchanganyiko unamwagika. Iweke juu ya sinia bapa la oveni kabla hujaijaza. Silikoni pia haipitishi joto haraka kama chuma, hivyo upande wa chini, ambao ukigeuza ndio unakuwa uso, unatoka mweupe mweupe kama haujaiva. Niliazima trei ya bati nikajaribu mchanganyiko uleule, oveni ileile, na rangi ikaja yenyewe, dakika mbili mapema. La tatu, inashika harufu. Wiki niliyotia mdalasini mwingi, harufu yake ilikaa mpaka mapishi mawili ya mbele.

Kujaza matundu kwa kijiko ni fujo. Mimina mchanganyiko kwenye mfuko wa plastiki, kata kona, kamua kwa kuzungusha. Uishie theluthi mbili za kimo. Ukijaza hadi juu, tundu la katikati linaziba na unapata andazi lenye kitovu. Nimewahi kuziita hivyo mbele ya wageni na ndizo zilizokwisha kwanza.

Kuchanganya: koroga vikavu peke yake, majimaji peke yake, kisha viunganishe kwa mwiko na uache mara tu usipoona unga mkavu. Mashine ya kuchapia iache kabatini. Niliitumia mara moja, donati zikawa ngumu na zenye mashimo marefu ndani.

Joto langu ni nyuzi 175, dakika 10 hadi 11. Kwa 190 zilipasuka juu huku ndani zikiwa bado mbichi. Kitu kilichonichukua muda kukikubali ni kuzitoa mapema kuliko moyo unavyotaka. Kwenye keki nimezoea kuchoma kijiti na kusubiri kitoke kikavu kabisa. Hizi ukisubiri hivyo umeshachelewa, kwa sababu joto lililobaki ndani linaendelea kupika hata zikiwa mezani. Kijiti kikitoka na chembe mbili tatu zenye unyevu, na ukigusa juu panarudi, toa. Ziache dakika 5 kwenye trei, kisha zihamishie kwenye waya zipoe, la sivyo zinatoa jasho chini.

Za kupaka juu nimejaribu nyingi. Unga wa protini uliokorogwa na maziwa, ambao wapishi wa mapishi ya afya wanausifu sana, unakauka kama gundi na unarudisha ule ukali wa utamu bandia. Sasa napaka chokoleti nyeusi iliyoyeyushwa, kijiko kidogo kwa kila moja, au sukari laini iliyokorogwa na maji ya limau. Ni sukari, ndiyo. Sijioni mwenye dhambi.

Nilijaribu pia unga wa protini ya njegere kwa ajili ya rafiki ambaye maziwa hayamkubali. Unakunywa maji kuliko wei, ikabidi niongeze vijiko viwili vya maji na kubadili mtindi. Ladha ina udongo udongo. Kakao ya kutosha inaificha, vanila haiifichi.

Zikilala ni habari nyingine. Siku ya kwanza laini, siku ya pili zinaanza kukauka, na kwenye jokofu zinakauka upesi zaidi kuliko mezani. Nimezoea kuoka 6, tunakula 3, zilizobaki zinaingia kwenye friza siku hiyohiyo zikiwa zimepoa na kufungwa vizuri. Sekunde 20 kwenye maikrowevu zinarudi karibu na zilivyokuwa. Zilizopakwa kitu juu usizigandishe, zinalia.

Na mwenye kutarajia donati ya hamira, ile inayovutika ukiuma na yenye ngozi nyembamba ya mafuta, hii siyo. Hii ni keki yenye tundu. Mimi nimeridhika nayo kama keki yenye tundu. Siku ninapotaka ile nyingine nainunua, naila, na siihesabu.

Trei naipa nyota 3 kati ya 5, kopo nyota 2, na moja ya hizo mbili ni kwa ajili ya mfuniko wake unaofunga vizuri. Kopo limebaki robo. Likiisha nitatafuta la wei isiyo na ladha yoyote, na ile trei ya bati niliyoazima bado sijairudisha.