LinkedIn kwa mtafuta kazi wa Unguja: anayelipa ni nani?

Mpwa wangu, ambaye tangu amalize masomo yake katika chuo kikuu cha SUZA anazunguka na bahasha ya vyeti kutoka Mjini hadi Nungwi, aliniuliza kuhusu LinkedIn, mtandao ambao watu huweka wasifu wao wa kazi na waajiri hutafuta wafanyakazi, swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo: "Mjomba, nilipie LinkedIn au niendelee na ile ya bure?" Mimi ni mhasibu wa hoteli, si mtu wa kompyuta, kwa hivyo nililichukua swali lake kwa njia niliyoizoea kazini, yaani kutazama kwanza kampuni inapata wapi fedha zake, kisha nini kinaweza kuzikatisha.

LinkedIn ilifunguliwa kwa umma Mei 2003 huko California, na Mei 2011 iliuza hisa zake katika Soko la Hisa la New York kwa dola 45 kila moja. Siku hiyo hiyo bei ikapita maradufu. Kinachonivutia mimi zaidi ya bei hiyo ni waraka wa matarajio, yaani maelezo ya kampuni kwa wanunuzi wa hisa, ulioandaliwa kwa ajili ya mauzo yale, kwa sababu sheria ya Marekani huilazimisha kampuni itaje hatari zake yenyewe. Mapato ya mwaka 2010 yalikuwa takriban dola milioni 243, na sehemu kubwa kuliko zote ilitoka kwa waajiri wanaolipa ili watafute watu. Matangazo yalifuata, na wanachama wanaojilipia wenyewe walikuwa wa mwisho. Kwa maneno mengine, mpwa wangu si mteja mkuu wa duka hili. Yeye ni katika bidhaa zilizopangwa rafuni, na mwenye rafu hutaka iwe imejaa.

Hapo ndipo ilipo hatari ambayo kampuni yenyewe iliikiri: wakati ule ilikuwa imepita wanachama milioni 100, lakini wengi wao hawakuwa wakiingia hata mara moja kwa mwezi, na kurasa nyingi zilizofunguliwa zilifunguliwa na wachache. Leo wanachama wanahesabiwa kuwa zaidi ya bilioni moja, na swali ni lile lile. Mtu aliyejiandikisha akiwa mpokea wageni, kisha akapanda hadi umeneja bila ya kugusa ukurasa wake, bado anahesabiwa, ilhali mwajiri anayelipa fedha anampata mtu ambaye hayupo tena pale. Soko la hisa nalo si la kulitegemea sana: Februari 2016, kampuni ilipotoa makadirio ya mapato yaliyowavunja moyo wawekezaji, hisa zilianguka kwa zaidi ya asilimia 40 kwa siku moja, na miezi minne baadaye Microsoft ikatangaza kuinunua kwa dola bilioni 26.2.

Katika uaminifu, hesabu haijakaa vizuri. Nywila zilizoibwa mwaka 2012 zilidhaniwa kuwa milioni 6 na nusu, hadi mwaka 2016 ilipobainika kwamba wizi ule uligusa akaunti zaidi ya milioni 100. Mwaka 2015 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 13 kumaliza kesi ya barua pepe za kukumbushia mialiko, zilizotumwa kwa majina ya wanachama. Serikali nazo zina mkono wao, kwani Urusi iliufunga mtandao huu mwaka 2016, na huko China kampuni ilijiondoa kidogo kidogo mpaka ikafunga kabisa huduma yake ya ajira mwaka 2023.

Washindani wa Ulaya nitawapitia haraka. Xing ya Hamburg imebaki na wasemaji wa Kijerumani, na Viadeo ya Ufaransa ilifilisika mwaka 2016 ikanunuliwa na kampuni ya gazeti la Le Figaro. Hao hawatuhusu. Mshindani wa LinkedIn hapa Unguja ni kundi la WhatsApp. Nafasi ya mpishi au ya msaidizi wa mapokezi huandikwa usiku kwa Kiswahili, ikiambatana na nambari ya simu na neno "aje na vyeti asubuhi", na kufikia adhuhuri nafasi imeshajazwa, pengine na mtoto wa shangazi wa mtu fulani. Kujuana huko kuna dhuluma yake, sikatai, ila kuna jambo moja ambalo mtandao wa mbali hauliwezi: anayemdhamini mtu atakutana na mwajiri barazani jioni, na akimdhamini mwizi ataona haya. Sifa ambazo watu hupeana LinkedIn kwa kubonyeza kitufe hazina aibu ya namna hiyo. Tena, Kiswahili hakimo miongoni mwa lugha za kutumia mtandao huo, wakati Kiarabu kimo. Mhudumu hodari wa Jambiani analazimika kujieleza kwa lugha ya wageni hata pale anapoomba kazi kwa mwenyeji mwenzake.

Hata hivyo, nafasi za umeneja, uhasibu na mauzo katika hoteli zenye makao makuu nje ya nchi hupita kwa mawakala wa ajira walioko Nairobi, Dubai au Ulaya, na hao hawamo katika makundi yetu. Kwa kazi hizo LinkedIn ina thamani, na thamani hiyo inapatikana bila ya malipo, maana aliyelipia kutafuta watu ni wakala.

Nilimjibu mpwa wangu kwamba abaki na ya bure, ajaze ukurasa wake kwa ukamilifu, aweke nywila asiyoitumia popote pengine, na asitoke katika kundi la WhatsApp. Akitaka kulipia, alipie mwezi mmoja tu, ule ambao ameshaitwa kwenye usaili na anataka kuijua kampuni kwa undani, kisha asimamishe malipo kabla kadi haijakatwa tena. Alicheka akasema kadi yenyewe ni yangu.