Cadillac yangu ya 1978, gari "dogo" la mita tano na nusu

Huu ni mwaka wa sita nina Sedan de Ville ya 1978 hapa Columbus, Ohio, na kila nikienda nayo sokoni lazima atokee mtu wa kuniuliza ina urefu gani. Ina sentimita 562. Nikiongeza kwamba Cadillac wenyewe walipoitoa bodi hii walitangaza kuwa wameipunguza, Waswahili wenzangu hucheka. Shemeji yangu alipokuja kututembelea kutoka Tanga aliizunguka mara mbili, akalipiga boneti kofi dogo, akasema, "Shem, hili gari au jahazi? Na hapo ndio limepunguzwa?"

Ndio, limepunguzwa. De Ville ya 1976 ilikuwa na sentimita 586 na injini ya lita 8.2. Toleo la 1977 likapoteza sentimita 24 za urefu na karibu kilo 400 za uzito, na injini ikashuka hadi lita 7. Yangu ni ya mwaka uliofuata, bodi ileile.

Marehemu baba alikuwa fundi cherehani pale Ngamiani, Tanga. Mtu akija na suti inampwaya, baba alikuwa na maneno mawili tofauti: kupunguza na kukata. Ukipunguza, unatoa kitambaa ambacho mwili hauna kazi nacho, na mtu akivaa hajui hata kimetoka wapi. Ukikata, mtu anavaa na kila anayekutana naye anajua. Magari ya fahari ya Marekani yamepitia mikono ya mafundi wote wawili, tena ndani ya kampuni moja, ndani ya miaka kumi. Nimeendesha ya huyu na ya yule, ndiyo maana nikaona niandike.

Nianze na yangu. Niliinunua kwa dola 6,500 kutoka kwa mtu aliyeirithi kwa mjomba wake. Rangi yake ni ya chai iliyozidishwa maziwa, siti ni za mahameli ya damu ya mzee. Kabla yake nilikuwa nimeendesha Lincoln Town Car, gari la washindani wa Cadillac, miaka sita kwa kazi, kupeleka na kurudisha abiria uwanja wa ndege, kwa hiyo gari refu halikuwa geni kwangu. Kilichonishangaza ni ukimya. Unawasha, unatega sikio ili uhakikishe kweli imewaka. Usukani unauzungusha kwa kidole cha shahada. Ukipita kwenye shimo, na Columbus baada ya baridi ina mashimo ya kumfanya mtu wa Tanga ajisikie nyumbani, unasikia mlio wa mbali, kama mtu wa chumba cha pili ameangusha kitabu.

Kuna kitu kimoja kidogo ambacho kila mtoto anayepanda anakipenda kuliko redio. Juu ya ncha za fenda za mbele kuna vitaa viwili vidogo vinavyomtazama dereva. Ukiwasha taa kubwa, navyo vinang'aa, maana mwanga unasafirishwa kwa uzi wa kioo kutoka kwenye taa yenyewe. Taa ikiungua, kitaa chake kinazimika, wewe umekaa kwenye siti yako unajua balbu gani ya kubadilisha. Hakuna skrini wala mlio wa kukukaripia.

Sasa hapo ndipo ninaposema waliipunguza na hawakuikata. Nimekaa siti ya nyuma ya gari la 1976 la mtu mwingine, na magoti yangu hayakuona faida yoyote ya zile sentimita 24 za ziada. Zilikuwa kwenye pua na mkia. Bodi mpya ilisimamishwa wima zaidi, paa likainuka, milango ikapunguzwa unene, buti likawa na kina. Mimi ni mtu wa kofia, Ijumaa siivui, na ndani ya gari hili haigusi paa. Wanunuzi wa wakati ule waliliona hilo: mwaka 1977 Cadillac iliuza magari zaidi ya 350,000 Marekani, rekodi yake kwa wakati huo.

Kwa nini walipunguza? Wengi husema mafuta, na ni kweli ila nusu. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilizuia mafuta kwenda Marekani na foleni za sheli zikawa ndefu kuliko magari yenyewe. Lakini kilichowabana zaidi ni sheria aliyoitia saini Rais Gerald Ford Desemba 1975. Sheria ile haikutazama gari moja moja, ilitazama wastani wa magari yote ya kampuni: kuanzia magari ya 1978 wastani uwe maili 18 kwa galoni, na ifikapo 1985 uwe 27.5. Kwa hiyo kila Cadillac iliyouzwa ilikuwa inavuta wastani wa General Motors, kampuni mama ya Cadillac, chini, kama mtoto mmoja mwenye sifuri kwenye darasa linalopimwa kwa alama za wote. Na isitoshe, mwaka 1975 walikuwa wamekwisha jaribu maji kwa Cadillac Seville, gari la sentimita 518 lililouzwa ghali kuliko De Ville kubwa. Watu walilinunua. Wakajua Mmarekani anaweza kulipa zaidi kwa gari fupi, mradi lisionekane la kimaskini.

Si wote. Jirani yangu wa upande wa kushoto, mzee wa miaka themanini na ushei anayeniita kijana wakati kichwa changu kimejaa mvi, hadi leo hajasamehe. Alikuwa mtu wa Cadillac tangu kwa baba yake. Alipoziona zile za 1977 dukani, anasema, alitoka bila kukaa ndani hata moja, akavuka barabara akanunua Lincoln Continental. Lincoln wao hawakupunguza hadi 1980, kwa hiyo gari lake la 1978 lina sentimita 592. Bado analo. Halijawahi kuingia gereji ya nyumba yake na mlango ukafungika. Mkia unabaki nje umefunikwa turubai. Nikimwambia gari langu lina nafasi ileile ndani, ananijibu kwamba hakununua gari kwa ajili ya ndani. Alitaka kulifuata boneti, anasema, kama mtu anavyomfuata farasi.

Nilikuwa namcheka. Siku aliponiachia usukani wa hiyo Lincoln niliacha. Pua ile ikiwa mbele yako, na kile kipambo juu yake kiko mbali kama bendera ya meli, hata kwenda kununua maziwa inakuwa safari. Sitalinunua gari la namna hiyo, kona zake zinanitoa jasho, lakini siwezi kusema mzee alidanganywa.

Upande wa kulia kuna bibi mjane mwenye De Ville ya 1985, ambayo yeye na mumewe waliichukua ikiwa mpya. Hii ndiyo ile iliyozua maneno mengi zaidi. Kutoka sentimita 562 ilishuka hadi 495 kwa mpigo mmoja. Injini ikalazwa kwa upana, nguvu ikahamia tairi za mbele. Ukiiegesha kando ya yangu utadhani mtoto amesimama na mama yake. Waliokuwa wakiipanga kule Detroit waliamini mafuta yangeendelea kupanda, galoni ifike dola tatu. Badala yake mwaka 1986 bei ikaporomoka chini ya dola moja, na pale dukani kulikuwa na Cadillac fupi zikimsubiri mteja ambaye hakuwa tena na sababu ya kuzitaka.

Urefu peke yake usingeleta kelele zile. Kwanza, Buick Electra na Oldsmobile Ninety-Eight, za General Motors hiyohiyo, zilitoka na umbo lilelile, kioo cha nyuma kilekile kilichosimama wima. Lincoln hawakuwaacha wapumue: walitengeneza tangazo la televisheni la watu wanaotoka mgahawani usiku, wanaletewa magari, na hakuna anayeweza kujua la kwake ni lipi. Mtu aliyelipa pesa za Cadillac kisha anachanganywa na mwenye Buick, hapo umemkata mbele za watu. Pili, ile injini ya lita 4.1. Ilianza 1982 ikiwa na nguvu ya farasi 125, bloku ya aluminiamu na vichwa vya chuma, na sifa yake ya kuvuja maji kupita kwenye gasketi hadi kuingia kwenye oili inajulikana kwa kila fundi mwenye umri wangu. Na ilikuja mara tu baada ya ile ya 1981 iliyojizima silinda, kutoka nane kwenda sita kwenda nne, ambayo wenye magari wengi waliishia kuukata waya wa ule mtambo. Mteja wa fahari alikuwa amefanywa mtu wa majaribio.

Sasa msikilize bibi. Yeye anasema ile ya zamani ilikuwa gari la mumewe, hii ndiyo yake. Kwenye dari ya gereji ametundika mpira wa tenisi kwa kamba: ukiugusa kwa kioo, simama, mlango utafungika nyuma yako. Anaweza kuizunguka akiwa na mifuko ya sokoni mikono yote miwili. Januari iliyopita theluji iliposhuka usiku kucha, mimi na mzee wa Lincoln tulikuwa tunasukumana na makoleo, tairi za nyuma zinazunguka bure, yeye akatoka kinyumenyume taratibu akatupungia mkono, akaenda kanisani.

Aliniachia kuiendesha kumpeleka hospitali mara mbili. Kona inaingia vizuri kuliko yangu, breki zinashika mara moja, siti ya nyuma ina nafasi ya kutosha kweli. Kinachokosekana ni pumzi. Kuingia barabara kuu unakanyaga, injini inalia, gari linafikiria. Yangu kwa kazi hiyohiyo inanyanyua pua kidogo na kwenda, lita saba hazina haja ya kupaza sauti. Na mlango wake ukiufunga unasikia bati. Yangu nafunga kwa kidole na mtaa mzima unajua mlango umefungwa.

Upande wa lawama wa gari langu, maana mapitio bila lawama ni posa. Linakunywa. Mjini napata maili 12 kwa galoni nikiwa mpole, yaani kama kilomita tano kwa lita, na mimi si mpole kila siku. Zile plastiki zinazojaza nafasi kati ya bampa na bodi zimekauka kwa umri, zilimeguka kama biskuti mwaka wa kwanza. Nimeweka mpya za kuchonga. Kabureta nililipeleka gereji moja wakanirudishia likiwa linatema petroli juu ya injini ya moto, na wakaniambia ndivyo zilivyokuwa zamani. Sivyo zilivyokuwa. Mzee Mkongo wa mtaa wa pili alilifungua mezani kwake, akatoa gasketi iliyowekwa kichwa chini, akanitazama. "Ndugu yangu, ulilipa hii pesa?" Nililipa.

Jingine la kuchekesha zaidi kuliko lawama: mdomo wa tangi uko nyuma ya kibao cha namba. Kijana wa sheli alinisaidia siku moja nilipokuwa na mkono mgonjwa, akazunguka gari zima na bomba mkononi, akaniuliza kama ni la umeme.

Cadillac Eldorado ya 1986 sijawahi kuimiliki, nimekaa ndani yake tu, ila ukitaka kuona mkasi ulipofika, itazame. Sentimita 478. Mwaka wa kabla yake ziliuzwa zaidi ya 70,000, mwaka ule kama 21,000. Baadaye Cadillac wenyewe walirudisha kitambaa: injini ikakuzwa hadi lita 4.5 mwaka 1988, De Ville ikarefushwa 1989, na ile ya lita 4.9 ya 1991 mafundi wanaisifu mpaka leo. Na muda wote huo, kimyakimya, bodi kama ya gari langu iliendelea kutengenezwa kwa jina la Brougham hadi 1992 kwa watu kama jirani yangu, ambao hawakutaka kuambiwa.

Yangu naipa nane kwa kumi, mbili nimezinyima kwa ajili ya sheli. Ukiipata iliyokaa gereji, nunua, ila beba sumaku upitishe chini ya ukingo wa paa la plastiki. Isiponata, hapo kuna kutu iliyozibwa kwa puti.

La bibi sijui nilipe ngapi. Wiki iliyopita alinigongea mlango, akasema macho yake hayamruhusu tena kuendesha, na kama nalitaka ananipa kwa dola 1,500. Mke wangu alisikia akiwa jikoni, vyombo vikanyamaza. Jumamosi asubuhi nakwenda kufungua kifuniko cha oili. Nikikuta oili nyeusi, tutaongea. Nikikuta chai ya maziwa, yaani oili iliyoingiwa maji, nitakunywa ile aliyoipika yeye na nitarudi kwangu kwa miguu.